Wimbo wa Mama Wabiwa na Yule Bwana Anoni

Ng'ombe yule alikuwa na doa jeupe kwenye paji la uso. Alishuka kutoka Bibokoboko, kule milimani, kwa miguu yake mwenyewe, kuja kwenye ndoa ya dada yangu mkubwa, mimi nikiwa bado mtoto wa kukimbia bila shati. Nasema alikuja kwenye ndoa, lakini hakuna aliyemwambia kwamba yeye ndiye chakula. Labda alisikia harufu ya sufuria. Asubuhi ile alikata kamba, akapita katikati ya bamama waliokuwa wanatwanga sombe, majani ya muhogo, akaingia ndani ya kanisa letu kwa sababu mlango ulikuwa wazi na ndani kulikuwa na baridi. Bwana arusi akamshika mkia akavuta. Ukimvuta ng'ombe mkia anaenda mbele, hiyo hata mtoto anajua, lakini shemeji yangu alikuwa mtu wa ziwani, ng'ombe alimfahamu kwenye sahani tu. Basi ng'ombe akaenda mbele, pembe ikaingia kwenye kabati la pasta, kabati likaanguka.

Mle kabatini mlitoka vikombe, panya mmoja aliyekauka zamani, na kitabu kinene chenye ngozi nyekundu. Kilifunguka chini, fasi ya picha, yaani mahali pa picha. Mwanaume amevaa jupe, sketi ya wanawake, amekumbatia kitu kama mbuzi aliyechunwa, anakipuliza mguuni. Sisi batoto tulicheka mpaka tukamsahau ng'ombe. Mwalimu wa kanisa akatukemea.

"Muache! Ni kitabu ya nyimbo ya Bangereza na bandugu yabo Baskoti. Bamisionere njo baliiacha."

"Mwalimu, kwabo banaume banavalaka jupe?"

"Wakati ya kuimba tu."

Alikuwa mtu wa kujibu kila swali, hata lile asilolijua. Ng'ombe aliliwa, nyama ngumu kama kiatu. Kitabu kilirudi kabatini. Mimi nikakua, nikavua ndagala, nikakimbia vita ng'ambo, nikarudi, nikazeeka, na sikukiwaza tena hicho kitabu hata siku moja. Mpaka juzi, mtoto wa ndugu yangu aliponipigia simu kutoka Baraka, akasema kuna Profesa anakusanya nyimbo za pwani yetu ili azichape kitabu, kama kile Wangereza na Waskoti walichochapa cha nyimbo zao, na wimbo wa mama yangu umo.

Ndiyo maana nilisafiri. Na ninyi wenzangu wa Kazimia, mlioniona nikirudi na uso wa mtu aliyemeza mwiba wa samaki, mmeniuliza mpaka mmechoka. Haya, someni. Niliishia darasa la tatu, mkono wangu unaandika kama kuku anayetafuta chakula, lakini mtaelewa.

Kwanza mjue wimbo wenyewe

Wengi wenu mnaujua, basi niwaeleze wale watakaosoma bila kuujua. Mama yangu Wabiwa aliutunga pale mchangani, bamama wakianika ndagala. Alikuja mchuuzi mmoja na beseni ambayo alikuwa ameigonga nyundo kwa ndani mpaka chini ikatoka tumbo, ili ipokee samaki wengi kuliko beseni ya watu. Mama hakumtukana. Aliimba tu:

*Beseni yako iko na tumbo,*
*ndagala yangu haina mimba.*

Mchuuzi alibeba beseni yake, akaenda zake, na wimbo ukamfuata mpaka bandari nyingine. Beti za mbele zinamtaja kila mama aliyekuwa anaanika siku ile, na kila mmoja alimwambia nini yule mwizi. Hizo beti leo ziko kwangu peke yangu. Dada zangu wamekufa. Profesa alikuwa na ubeti wa kwanza tu, kama kila mtu.

Na wimbo huu una mlango. Hauingii tu hivi hivi kama ng'ombe. Anayeongoza anauliza, "Ni ya nani?" Wengine wanajibu, "Ya Wabiwa!" Anauliza tena, "Iko wapi?" Wanajibu, "Iko hapa!" Hapo ndipo umefunguliwa. Bamama wa mchangani walifanya hivyo kwa kila wimbo wa kazi, na usipouliza hawakujibu, utaimba peke yako kama mlevi.

Mama alifia ng'ambo, kambini, Tanzania. Tulipokwenda kutafuta kaburi lake tulikuta wamelima mihogo. Sina jiwe lake, sina msalaba wake. Nilipoambiwa kuna kitabu, nilisema: sawa, jina lake litalala humo. Hilo tu ndilo nililokwenda kutafuta. Sikuomba kitu kingine.

Kazimia mpaka Baraka, kwa boti

Boti ilitakiwa kuondoka asubuhi. Iliondoka jua likiwa limeshachoka. Kapteni alikuwa anangoja mzigo wa mafuta ya mawese, halafu akangoja mwenye mzigo, halafu akangoja mwenye mzigo amalize kugombana na mke wake. Sisi tumekaa, miguu ndani ya maji ya chini ya boti. Mimi sipendi dharau. Nilimwambia kapteni, "Boti ni yako lakini siku ni yangu." Akanijibu, "Muzee, shuka basi utembee juu ya maji, weye iko muntu ya kanisa."

Watu wakacheka. Aliyecheka zaidi ni Mama Riziki, mnamjua, yule anayepeleka magunia ya ndagala mpaka Uvira, mwenye sauti ya kuita mtu kutoka kilima kingine. Alikuwa amekalia gunia lake kama kiti cha chifu.

"Baba Wilondja, na weye unasafiri na kofia ya Noeli! Unaenda kuposa?"

"Naenda kupeleka wimbo ya mama kwa Profesa."

"Profesa ya kufundisha nini?"

"Nyimbo."

"Eh! Batu banalipa masomo juu ya kuimba, na miye naimbaka bure, mume wangu anasema nyamaza!"

Alinipa kipande cha samaki mukeke wa kuchoma na bugali baridi. Namkasirikia mara nyingi huyu mama, lakini hajawahi kula mbele ya mtu mwenye njaa.

Baraka mpaka Fizi, kutafuta misioni

Hapa nilipotezwa na neno moja, na sitaki mtu anicheke kabla hajasikia.

Mtoto wa ndugu yangu hakuja bandarini kunipokea. Alikuwa kazini, alisema. Kwenye simu akaniambia, "Baba mukubwa, Profesa hayiko Baraka, iko en mission, upande wa Fizi." Mimi nikasema vizuri, misioni ya Fizi naijua, ya Bakatoliki, nilipeleka samaki pale nikiwa kijana. Nikapanda moto, yaani pikipiki, nyuma ya dereva aliyekuwa anaogopa kitu kimoja tu duniani, nacho ni kupunguza mwendo. Ile barabara ya kupanda Fizi, mvua imeichimba kama mtu anayetafuta dhahabu. Mifupa yangu yote ilisalimiana. Kofia ya Noeli ilianguka mara nyingi na kila mara dereva alisema, "Iache, muzee, utanunua ingine." Utanunua! Kijana wa leo kila kitu kwake ni cha kutupa.

Pale misioni alinipokea masera mmoja mzee, mtawa mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nikamwambia nimemfuata Profesa.

"Profesa gani, baba?"

"Ule wa nyimbo. Banasema iko mission."

Akafikiri. Halafu nikaona mdomo wake unajizuia.

"Baba, balisema iko *ku* misioni, ao balisema iko *en* mission?"

"En mission. Si ni moja tu?"

"Hapana. Misioni ni nyumba. En mission, ni muntu hayiko ku nyumba."

Sasa mniambie, ninyi mnaojua Kifaransa: nyumba na kutokuwa nyumbani mmevipa jina moja, halafu anayepotea ni mimi? Nilikasirika mpaka nikakataa kukaa. Masera akaniacha nimalize kukataa, kisha akaniletea bugali ya mihogo, maharagwe na mchuzi wa karanga. Nikakaa. Mtu anaweza kukasirika akiwa amekaa. Mimi Mprotestanti nilikula chakula cha Bakatoliki nikaomba nyongeza, na aandike anayetaka kuandika.

Asubuhi yake alipiga simu huku na huku kwa ajili yangu. Profesa alikuwa amepita Fizi siku za nyuma. Sasa, wakasema, yuko Makobola.

Fizi mpaka Makobola, kwa lori

Nikashuka tena Baraka, nikapanda lori la kwenda upande wa Uvira. Nani nakuta juu ya magunia? Mama Riziki.

"Baba Wilondja! Ulimupata Profesa ku misioni?"

Alikuwa ameshasikia. Baraka ni mji mkubwa lakini aibu yako inafika mbele yako. Lori zima lilikuwa limesikia. Dereva mwenyewe alitoa kichwa akauliza kama nimeungama.

Njiani magari yalipishana kwenye fasi nyembamba, kila mmoja akimlaumu mwenziwe. Jeep moja nyeupe iliyotoka mbele ilitupita kwa mbio, ikatumwagia vumbi mpaka nikatema udongo. Nilisimama juu ya mzigo nikaitukana hiyo jeep, matusi ya kanisani lakini matusi. Mama Riziki alisema, "Kaa, utaanguka, na mama yako atakosa wimbo."

Mbele kidogo tukakuta bariera, kamba imefungwa kukata barabara. Askari anapita anaangalia mizigo, anagonga magunia kwa fimbo. Akafika kwangu, mzee bila mzigo, na hilo likamkera.

"Weye unabeba nini?"

"Sibebe kintu. Nabeba wimbo."

"Wimbo? Fungula tuone."

Alitaka kunichezea, najua. Lakini aliniambia fungua, na mimi nikafungua. Nikasimama nikauliza kwa sauti yote iliyobaki kifuani, "Ni ya nani?"

Bamama wa juu ya lori, na wale wa chini waliokuwa wanauza ndizi, na Mama Riziki akiwazidi wote: "Ya Wabiwa!"

"Iko wapi?"

"Iko hapa!"

Tukaimba beseni na tumbo lake. Mwenye ndizi mmoja alicheza na beseni kichwani. Askari aliangua kicheko, kisha akaniuliza, "Wabiwa njo nani?"

"Mama yangu."

"Iko?"

"Alikufa."

Akainua kamba. "Pita, muzee. Mupite bote."

Kumbukeni huyo askari. Hakuwa na shule kuliko mimi, na alikuwa anatunyanyasa. Lakini alisikiliza mlango wa wimbo mpaka mwisho, kisha akauliza jina.

Makobola nikashuka, nikamwacha Mama Riziki aendelee na magunia yake. Nikauliza Profesa. Nikaambiwa ameondoka asubuhi, amerudi Baraka. Na gari gani? Jeep nyeupe.

Sitaandika nilichosema.

Nikakaa pale ufukweni nilale kwa mtu wa kanisa letu, na jioni nikasikia bamama wanaokusanya ndagala wanaanza wimbo. Wimbo wetu! Moyo ukaruka. Kiongozi wao, mama mmoja mnene mwenye kitenge cha kijani, akauliza, "Ni ya nani?" Na wote wakajibu:

"Ya Mapendo!"

Niliinuka kama nimeumwa na siafu. "Mapendo gani? Mapendo ametoka wapi? Huu ni wimbo ya Wabiwa wa Kazimia!"

Yule mama akaweka mikono kiunoni. "Muzee, unatoka wapi na makelele yako? Sisi tulipewa na Mapendo. Marehemu Mapendo, shangazi yangu mimi. Tunaita ule alitupatia."

"Na Mapendo alipewa na nani?"

"Alisemaka ni muntu ya Kazimia."

"Huyo muntu njo Wabiwa!"

Akashusha mikono. Halafu akasema kitu ambacho mpaka leo sijui nikasirike nacho au hapana. "Basi weye mwite Wabiwa, na Wabiwa alikuwa na mwana. Mapendo hana mwana, iko na sisi tu. Tukiacha kumwita, nani atamwita?"

Nilikaa chini. Tuliimba tena, nao waliniachia niulize mimi. Wakajibu majina yote mawili, moja juu ya lingine, na haikuharibika.

Makobola mpaka Baraka, nyumbani kwa Profesa

Nyumba ya Profesa iko nyuma ya soko, ina geti la bati na mashine ya kusaga jirani. Alikuwa hayupo, lakini si en mission, alikuwa sokoni tu. Mke wake alinikaribisha vizuri, chai na mandazi. Kwa huyo mama sina neno.

Akanipa kitabu nikitazame wakati nangoja. Ngozi nyekundu. Nikafungua, nikaona mwanaume wa jupe na mbuzi wake. Ni kile kile! Au ndugu yake. Madame akasema mume wake alikipata kwenye nyumba ya zamani ya wazungu, mchwa walikuwa wameanza kula, na yeye ndiye aliyekiokoa. Kwa hilo nilimshukuru Profesa kabla sijamwona.

Kingereza sijui, lakini herufi nazijua, na majina ya watu yanajulikana hata ukiwa hujui lugha. Kila wimbo chini yake kuna jina. Na jina moja lilikuwa linarudi, linarudi, kwenye kurasa na kurasa. Anon. Nikasema moyoni, huyu Bwana Anoni alikuwa mtu wa ajabu. Mwingereza au Mskoti, sikujua, lakini nyimbo zote hizi kichwa kimoja! Alilala saa ngapi? Nilimheshimu. Nilisema mama yangu atalala kwenye kitabu kama hiki, jirani na mtu kama huyu.

Profesa akaja. Mtu mpole, mwenye kipara, anakupa mkono kwa mikono miwili. Alifurahi kweli. Akaleta karatasi iliyochapwa ya kujaribu, ukurasa wa wimbo wetu. Beseni na tumbo, ndagala na mimba, herufi nzuri kama za Biblia. Nikashuka na kidole mpaka chini, kutafuta Wabiwa.

Chini iliandikwa: Anon.

Jamani. Nilisimama nikaangusha chai.

"Profesa! Mumepatia Muskoti wimbo ya mama yangu?"

"Muskoti gani, muzee?"

"Huyu Anoni! Iko na nyimbo yote ile mu kitabu yake, haitoshi? Anavuka bahari kuja kukamata na ya beseni? Anajua ndagala, yeye?"

Profesa alicheka. Alicheka mpaka akavua miwani akapangusa macho, na Madame akaja mlangoni kuangalia. Akanieleza kwamba Anon si mtu. Ni neno lililokatwa, maana yake aliyetunga hajulikani.

Nikamwambia, "Anajulikana. Mimi niko hapa."

"Naelewa, muzee. Lakini uone. Kazimia banasema Wabiwa. Makobola banasema Mapendo. Hapa Baraka bamama ba soko banasema ni ya soko. Nikiandika moja, bengine batakuja kunishitaki ku mulango hii. Wimbo ni ya batu bote. Hata Bangereza na Baskoti balifanya vile, na kitabu yabo inaheshimiwa."

"Andika Wabiwa na Mapendo. Makobola tulibaita bote mbili, wimbo haikukufa."

"Na kesho akikuja wa tatu?"

"Andika wa tatu. Karatasi inaumwa?"

Akapumua. Akasema kitabu kina utaratibu wake. Nikachukua kile chekundu, nikamwonyesha mbele, herufi za dhahabu. "Na hii?" Akasema hilo ni jina la bwana aliyezikusanya. Alipita vijijini kwao, wazee na bibi wakamwimbia, akaandika.

Basi hapo hasira yangu ikaongezeka, ikawa si ya mama tu. Nikawaza bibi mmoja wa Kiskoti, amekaa kwenye baridi yao, anamwimbia bwana mwenye karatasi. Alikuwa na mdomo wa kuimba, hakuwa na jina la kuandikwa? Aliyebeba kapu ndiye anapata dhahabu, aliyelima anaitwa Hajulikani! Na huyo bwana alimuuliza? Profesa akasema pengine hakuuliza. Alisema kwa sauti ya chini, na naona aliona aibu kidogo. Lakini karatasi hakuibadilisha.

Akasema, "Tuanze kwanza na kuimba, muzee. Jina tutazungumuza baadaye. Beti zenyewe njo zinaweza kupotea." Akaniketisha kwenye kiti, akaweka mashine yake ndogo ya kurekodi mezani, taa nyekundu ikawaka.

Nilikubali. Ndiyo, nilikubali, msiniangalie hivyo. Nilisema mashine itasikia jina, hata karatasi ikikataa. Nikavuta pumzi.

"Ni ya nani?"

Profesa akainua mkono. "Samahani, muzee. Ile ya mbele tuiache. Ile si wimbo, ni mambo ya kuitana. Uanzie ku beseni."

Nikamwangalia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anangoja, kalamu mkononi, na beti za mama zote zilikuwa hapa kooni, mama mmoja baada ya mwingine, wamepanga mstari na beseni zao. Akasikia mashine ya kusaga ya jirani imeanza kunguruma, akasema ngoja nifunge dirisha, itaharibu sauti. Akaenda dirishani, kitasa kikamsumbua.

Nikachukua kofia yangu.

Kwenye ua Madame aliniambia, "Muzee, choo iko huku." Nikamwambia aksanti, mama, naona. Nikapita choo. Nikapita geti. Nikasikia Profesa ananiita kwa heshima, mara moja, halafu mara nyingine, na kelele ya kusaga ikamfunika. Mashine yake niliiacha inawaka pale mezani, iandike kiti kitupu. Sijarudi.